Kutumia Programu za Ripoti katika Chama cha Ushirika: Mwongozo kutoka Nakuru

Katika ofisi nyingi za vyama vya ushirika vya maziwa, mwisho wa mwezi huwa na sura moja, uwe uko Molo, Njoro au Subukia. Karani wa hesabu huketi na daftari za mapokezi za kila kituo, faili za Excel ambazo kila kituo kimezipanga kivyake, taarifa ya kiwanda kinachonunua maziwa na orodha ya makato ya wakulima, kisha hutumia siku tatu au nne akinakili takwimu kutoka huku kwenda kule ili kamati ipate karatasi mbili za kusoma. Karatasi hizo zinapofika mezani mwezi mwingine umekwisha kuanza, na swali lolote ambalo halikutarajiwa humrudisha karani kwenye daftari. Programu za ripoti za biashara zilibuniwa ili kuondoa kazi hiyo ya kunakili. Huunganishwa na mahali data inapokaa, huisafisha kwa hatua zilezile kila mara, huihesabu, kisha huionyesha kwa chati na majedwali ambayo msomaji anaweza kuyachuja mwenyewe.

Nimefanya kazi ya takwimu katika chama kimoja cha maziwa kwa miaka kadhaa, na mwongozo huu ni kwa yeyote aliyekabidhiwa jukumu kama langu: anaijua Excel vizuri, ameambiwa na meneja atengeneze dashibodi, yaani ukurasa wa chati na takwimu unaosomwa kwa mtazamo mmoja, na hajui aanzie wapi. Mifano yangu ni ya maziwa, lakini anayehudumu katika sacco mjini Kisumu, katika duka la pembejeo Kitale au katika hospitali ya misheni upande wa Kakamega anaweza kuweka shughuli zake mahali pa kilo za maziwa, na hatua zikabaki zilezile.

Kabla ya kufungua programu

Chukua karatasi uende kwa kila mtu atakayeisoma ripoti, umwulize ni uamuzi gani anaofanya na huufanya lini. Usimwulize anataka kuona nini, kwa kuwa atakutajia kila kitu, nawe utatengeneza kurasa kumi na mbili ambazo hakuna atakayezifungua. Meneja akisema anataka kujua "maziwa yanaendaje", hilo bado si swali. Mwulize tena kwa heshima hadi mfikie jambo kama hili: ni kituo kipi ambacho maziwa yake yamekataliwa zaidi ya mara mbili wiki hii, ili afisa wa ugani atumwe huko kesho asubuhi? Sasa unajua kwamba unahitaji data ya maziwa yaliyokataliwa kwa kila kituo na kila siku, kwamba ripoti lazima iwe tayari jioni, na kwamba chati ya mwaka mzima haitamsaidia. Maswali matano ya namna hiyo yanatosha kwa ripoti ya kwanza.

Baada ya maswali, kubalianeni juu ya maana ya maneno. Sehemu hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko nyingine zote. Chukua neno "mkulima hai". Kwa mweka hazina, mkulima hai ni yeyote mwenye nambari ya uanachama na hisa zilizolipiwa. Kwa afisa wa ugani, ni yule aliyeleta maziwa angalau mara moja katika siku 30 zilizopita. Kwa meneja, ni yule aliyeleta maziwa mwezi huu. Watu hao watatu wakiingia katika mkutano mmoja, kila mmoja na idadi yake, watabishana asubuhi nzima ilhali wote wamehesabu sawasawa. Programu haiwezi kuwaamulia, kwani itahesabu chochote utakachoiagiza. Kwa hiyo andika kamusi ndogo ya takwimu, ukurasa mmoja au miwili, inayoeleza kila neno litakalotokea katika ripoti: maana yake, mahali data yake inakotoka, kizio chake (kama kilo au lita) na mtu anayeitolea maelezo. Ipitishwe na kamati, itiwe sahihi, kisha iwekwe kama ukurasa wa mwisho wa ripoti yenyewe ili msomaji asilazimike kuitafuta kwingine.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nililipuuza, na mtu asiye na hatia akaumia. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilitengeneza ukurasa uliolinganisha maziwa yaliyopokewa vituoni na yale yaliyofika kwenye tangi la kiwanda, nikaweka safu wima ya upungufu kwa rangi nyekundu. Magari yote yalikuwa sawa isipokuwa moja, ambalo kila siku lilionekana kupoteza karibu asilimia 3 ya mzigo. Siku ambayo kituo kilionyesha 2,060, kiwanda kilionyesha 2,000. Kamati iliona ile rangi nyekundu, ikamwambia dereva akae nyumbani uchunguzi ukiendelea. Alikuwa mzee wa makamo aliyeendesha gari hilo kwa miaka mingi. Alipokuja ofisini kuchukua vitu vyake alisimama mlangoni kwangu akasema, "Kijana wangu, mimi huendesha gari tu. Kupima hupima nyinyi." Sikuwa na jibu la kumpa.

Maneno yake ndiyo yaliyonirudisha kwenye data. Nilichora upungufu wa kila siku kwa miezi miwili, nikaona mstari ulionyooka kama uzi: haukupanda siku ya sokoni, haukushuka Jumapili. Maziwa yanayoibwa hayapungui kwa kiasi kilekile kila siku. Nilikwenda kituoni, nikakuta kwamba kilikuwa kimenunua mizani ya kidijitali na makarani walikuwa wakiandika kilo, ilhali vituo vingine vyote vilikuwa bado vinapima kwa lita, na kiwanda pia kilitoa taarifa kwa lita. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina uzito wa takriban kilo 1.03, kwa hiyo kilo 2,060 ni lita 2,000 kamili. Hakuna tone lililopotea. Dereva alirudishwa kazini, nami nikamwomba radhi mbele ya kamati iliyomsimamisha. Tangu hapo hakuna jedwali linaloingia katika ripoti zangu bila safu wima ya kizio kando ya kiasi, na ubadilishaji kutoka lita hadi kilo hufanywa mahali pamoja tu, katika hatua yenye jina, ambapo mtu mwingine anaweza kuukagua.

Kuchagua programu

Kuhusu hili sitakaa sana, kwa kuwa programu mashuhuri zote zinaweza kufanya kazi ya chama cha ukubwa wa kawaida. Power BI ya Microsoft, iliyotolewa rasmi kwa umma Julai 2015, ina toleo la kompyuta ambalo hupakuliwa bure, ingawa hufanya kazi kwenye Windows pekee. Gharama huanza unapotaka kuwashirikisha wengine ripoti mtandaoni: leseni ya Pro imekuwa dola 14 za Marekani kwa kila mtumiaji kwa mwezi tangu Aprili 2025, na kwa kawaida anayetengeneza na anayesoma wote huihitaji. Looker Studio ya Google hutumika bure kupitia kivinjari na huwafaa wale ambao data yao tayari iko katika majedwali ya Google. Metabase na Apache Superset ni programu huria ambazo waweza kuzisimika kwenye seva yako bila kulipia leseni, mradi una fundi wa kuitunza seva hiyo. Tableau ina nguvu kubwa ya uchoraji lakini bei yake ni nzito kwa chama kidogo.

Ushauri wangu ni kuchagua ile inayokaa karibu na vifaa mlivyo navyo. Kama ofisi yenu tayari inatumia Excel na barua pepe za Microsoft, Power BI itakuwa nyepesi kujifunza, na ndiyo nitakayoitumia katika hatua zinazofuata.

Kuna atakayeuliza kwa nini Excel isitoshe. Kwa chama kidogo inaweza kutosha kwa muda mrefu, na hakuna aibu yoyote kubaki nayo. Lakini piga hesabu: chama chenye wakulima 2,400 wanaoleta maziwa asubuhi na jioni huandika mistari 4,800 kwa siku, yaani 144,000 kwa mwezi wa siku 30. Karatasi moja ya Excel hubeba mistari 1,048,576 na si zaidi, kwa hiyo itajaa katika mwezi wa nane. Kabla ya hapo itakuwa imeanza kukwama kila unapoifungua.

Kuingiza na kusafisha data

Usafishaji hufanyika katika sehemu ya Power BI inayoitwa Power Query, ambayo pia imo ndani ya Excel. Uzuri wake ni kwamba kila unachokifanya huandikwa kama hatua upande wa kulia wa dirisha, na data ya mwezi ujao itapitishwa katika hatua hizohizo bila wewe kuzirudia. Faili ya asili haiguswi. Badala ya kuunganisha faili mojamoja, weka faili zote za vituo katika folda moja na uiunganishe programu na folda hiyo, ili kila faili mpya itakayotiwa humo iingie yenyewe. Sharti ni kwamba faili zote ziwe na vichwa vilevile vya safu wima. Kwa hiyo tengeneza kiolezo kimoja, ukipeleke kwa kila kituo wewe mwenyewe, uketi na karani akijaze mbele yako.

Mtego mkubwa kuliko yote ni tarehe. Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi, lakini kompyuta nyingi huuzwa zikiwa zimewekwa mpangilio wa Marekani, ambao hutanguliza mwezi. Tazama kinachotokea kwa data ya Aprili 2025. Tarehe 01/04/2025 husomwa kama Januari 4, 02/04/2025 husomwa kama Februari 4, na kuendelea hadi 12/04/2025 ambayo huwa Desemba 4. Katika siku hizo 12, ni Aprili 4 pekee inayobaki mahali pake. Kuanzia tarehe 13 programu haiwezi kupata mwezi wa kumi na tatu, hivyo huonyesha neno la kosa. Mtu asiyejua huchagua amri ya kuondoa makosa, kosa hutoweka machoni, na siku 18 za maziwa ya wakulima hutoweka nalo. Dawa yake ni kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kichwa cha safu wima ya tarehe, kuchagua kubadilisha aina ya data kwa kufuata mpangilio wa nchi, kisha kuchagua tarehe na Kiingereza cha Uingereza. Fanya hivyo kabla ya hatua nyingine yoyote, na uifute ile hatua ya kubadilisha aina ambayo programu hujiwekea yenyewe mwanzoni.

Mtego wa pili ni sifuri zinazotangulia. Nambari ya uanachama 00417 ikisomwa kama tarakimu za kuhesabia hugeuka 417, na haitalingana tena na 00417 iliyo katika rejista ya wanachama. Mkulima huyo ataonekana hana jina. Nambari yoyote ambayo huwezi kuijumlisha na nyingine ukapata maana, kama vile ya uanachama, ya kitambulisho au ya simu, ihifadhiwe kama maandishi. Nambari za simu zina shida ya ziada, kwani mahali pamoja zimeandikwa zikianza na 07, pengine 2547, na kwingine 7 pekee. Tengeneza safu wima mpya inayochukua tarakimu 9 za mwisho, ukiisha kuondoa nafasi na vistari, na utumie hiyo kuunganishia majedwali.

Majina ya vituo nayo huandikwa kwa kila namna. Nimewahi kukuta kituo kimoja kikiwa na tahajia saba, mojawapo ikitofautiana na sahihi kwa nafasi moja tu baada ya herufi ya mwisho, nafasi ambayo jicho haliioni lakini kompyuta huiona. Punguza nafasi za pembeni, geuza herufi ziwe za aina moja, kisha weka jedwali dogo la tafsiri lenye tahajia mbovu upande mmoja na jina sahihi upande wa pili. Jedwali hilo litakua kwa miezi mitatu ya kwanza, halafu litatulia.

Kupanga majedwali na kuandika fomyula

Usijaribu kuweka kila kitu katika jedwali moja pana. Mpangilio ambao Ralph Kimball aliueneza katika miaka ya 1990 ungali ndio bora kwa kazi hii: katikati huwekwa jedwali refu la matukio, na kulizunguka huwekwa majedwali mafupi yanayoyaeleza, hata mchoro ukafanana na nyota. Kwetu sisi jedwali la katikati ni la mapokezi, ambalo kila mstari wake ni mkulima mmoja kupima maziwa mara moja, likiwa na tarehe, zamu ya asubuhi au jioni, nambari ya mwanachama, kituo, gari na kilo. Majedwali ya pembeni ni ya wanachama, vituo, magari na tarehe. Jina la mkulima huandikwa mara moja tu katika jedwali la wanachama, na likisahihishwa hapo husahihika kote.

Jedwali la tarehe linahitaji neno la ziada. Litengeneze likiwa na kila siku ya kalenda bila pengo, hata siku ambayo hakuna maziwa yaliyopokewa, na uongeze safu wima za mwezi, robo na mwaka wa fedha. Hakikisha mwaka wa fedha ni ule unaotumiwa na chama chenu, kwa sababu wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, ilhali vyama vingine hufuata Januari hadi Desemba. Wafadhili na maafisa wa kaunti wakija watauliza kwa mwaka wa serikali, hivyo ni vyema kuwa na safu wima zote mbili.

Fomyula huandikwa kwa lugha iitwayo DAX. Kwa ripoti ya kwanza hizi tatu zitakufikisha mbali:

Jumla ya Kilo = SUM(Mapokezi[Kilo])
Wakulima Walioleta = DISTINCTCOUNT(Mapokezi[Nambari])
Kilo kwa Mkulima = DIVIDE([Jumla ya Kilo], [Wakulima Walioleta])

Ya kwanza hujumlisha. Ya pili huhesabu kila mkulima mara moja hata kama ameleta maziwa mara 60. Ya tatu hugawanya, na ikikuta mgawanyo kwa sifuri huacha nafasi tupu badala ya kuonyesha kosa. Angalia kwamba ya pili nimeipa jina linalosema kile hasa inachohesabu, kwa kipindi chochote ambacho msomaji amekichagua. Sikuiita "wakulima hai", neno ambalo tayari lina maana yake katika kamusi.

Fomyula ya tatu huzuia kosa ambalo nimeliona hata katika ripoti za watu waliosomea takwimu, nalo ni kutafuta wastani wa wastani. Tuseme kituo kimoja kimepokea kilo 1,200 kutoka kwa wakulima 100, sawa na kilo 12 kwa mkulima, na kingine kilo 600 kutoka kwa wakulima 20, sawa na kilo 30. Ukijumlisha 12 na 30 ukagawanya kwa mbili utapata 21. Lakini kilo zote ni 1,800 na wakulima wote ni 120, kwa hiyo wastani wa kweli ni 15. Afisa wa ugani anayepanga mafunzo ya ulishaji kwa kuamini 21 atawaacha wakulima wengi wenye uhitaji.

Kuchora

Ukurasa wa kwanza ujibu swali la kwanza la msomaji bila yeye kugusa chochote. Weka juu takwimu tatu au nne kubwa, chini yake chati moja ya mwenendo na jedwali moja la vituo, basi. Chati za nguzo zianze katika sifuri, la sivyo tofauti ndogo itaonekana kama mlima. Usitegemee nyekundu na kijani pekee kutofautisha kizuri na kibaya, kwa sababu wapo wanaume wasioweza kuzitofautisha rangi hizo, na kwa sababu wanakamati wengi watachapishiwa ripoti hiyo kwa wino mweusi. Ongeza alama au maneno. Na baada ya yaliyompata yule dereva, mimi huweka rangi ya tahadhari kwenye jambo nililolithibitisha tu.

Kulinganisha mwezi na mwezi uliotangulia hupotosha kwa njia mbili. Kwanza, Machi ina siku 31 na Februari ina 28, hivyo hata ng'ombe wasipoongeza tone, Machi itaonekana imepanda kwa karibu asilimia 11. Tumia wastani wa siku. Pili, maziwa hufuata malisho. Kiangazi cha Januari na Februari huyapunguza na mvua za masika huyarudisha, kwa hiyo meneja mpya aliyeingia Machi atasifiwa Mei kwa kazi iliyofanywa na mvua. Linganisha Mei na Mei ya mwaka uliopita.

Ramani hupendeza, lakini zikague kabla ya kuzionyesha. Ukiiachia programu itafute mahali kwa jina pekee, kituo cha Rongai cha hapa Nakuru kinaweza kuwekwa Ongata Rongai, Kajiado. Ni salama zaidi kutumia majira ya latitudo na longitudo yaliyochukuliwa kwa simu kituoni. Nakuru na Kisumu ziko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo zake lazima ziwe na alama ya kutoa. Mji wa Nakuru uko karibu na -0.30 na 36.07, alama hiyo ikipotea, utaikuta Nakuru imehamia kando ya Ziwa Bogoria.

Kusambaza ripoti na kulinda data

Ripoti ikikamilika huchapishwa kwenye huduma ya mtandaoni ya Power BI, na hapo hupangiwa saa za kujihuisha, yaani kuisoma data upya. Leseni ya Pro huruhusu hadi mara 8 kwa siku, ingawa chama cha maziwa kinahitaji mbili tu, baada ya zamu ya asubuhi na baada ya ile ya jioni. Kama data iko kwenye kompyuta ya ofisini, utalazimika kusimika programu ndogo ya lango inayoipeleka data mtandaoni, na kompyuta hiyo lazima iwe imewashwa na iko kwenye intaneti saa hiyo. Stima ikipotea jioni, uhuishaji hushindwa. Ukishindwa mara nne mfululizo, ratiba nzima husimamishwa, nawe hutajua hadi mtu aulize kwa nini takwimu ni za wiki iliyopita, isipokuwa umeweka barua pepe ya kuarifiwa. Njia nyepesi ni kuhifadhi faili za vituo katika OneDrive au SharePoint ya ofisi, yaani hifadhi za mtandaoni za Microsoft, ambako lango hilo halihitajiki. Kwa vyovyote vile, andika kwenye kila ukurasa tarehe na saa ya data ya mwisho.

Amua pia nani anaona nini. Karani wa kituo aone kituo chake, meneja aone vyote. Power BI huwezesha hilo kwa kanuni zinazochuja mistari kulingana na akaunti ya msomaji. Lakini kanuni hizo humbana tu aliyepewa nafasi ya kutazama katika eneo la kazi, yaani folda ya mtandaoni ambamo ripoti imewekwa. Ukimpa karani nafasi ya kuhariri, ataona malipo ya wakulima wote hata kama kanuni zipo. Jaribu kwa akaunti halisi ya mtu mwenye nafasi ya chini kabisa kabla ya kutangaza kwamba kazi imekamilika.

Kuna amri moja ya kuepuka kabisa, nayo ni ile ya kuchapisha ripoti kwenye wavuti kwa umma. Hutoa kiungo kisichohitaji nenosiri, na yeyote aliyetumiwa kiungo hicho kwenye kikundi cha WhatsApp ataiona ripoti. Majina, simu, mikopo na malipo ya wakulima ni data ya kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo humtaka anayesimamia data kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 baada ya kutambua kuwa data imefikiwa na asiyehusika na kwamba kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mwenyewe. Njia bora ya kutovujisha jina ni kutoliweka pale lisipohitajika: ripoti ya kamati kuhusu vituo haina haja ya jina la mkulima hata mmoja.

Kwa miezi miwili ya kwanza, endesha ripoti mpya sambamba na karatasi za zamani. Chagua kituo kimoja na siku moja, ufungue daftari la mapokezi, ujumlishe kilo kwa kikokotoo, kisha ulinganishe na programu. Zikitofautiana hata kwa kilo moja, fuatilia hadi upate sababu, kwa kuwa kilo hiyo moja mara nyingi ndiyo mkia wa kosa lililo refu. Mfundishe mtu wa pili kuhuisha ripoti, na umwachie meneja akaunti na nenosiri la lango katika bahasha iliyofungwa, ili ukiugua kazi isisimame.

Hatimaye ita karani wa mizani aliyeajiriwa karibuni zaidi, umketishe mbele ya ripoti, umwombe akueleze kwa sauti anachokiona, nawe unyamaze. Kila mahali atakaposita, andika. Atakapoulizia maana ya neno, kamusi yako ina pengo, na atakaposema kwamba takwimu ya kituo chake si sahihi, mwamini kwanza, mchukue daftari mwende pamoja mkaitazame.